Kiti Kimefika

Watu wanaopita hapa kisimani huniuliza kwanza habari za mawe, halafu za shimo, halafu wakishakunywa chai ya maziwa ya ngamia wanapata ujasiri wa kuuliza habari za kiti. Nami huwaambia nitawaeleza yote, ila mtu asicheke. Atakayecheka ataondoka na kiu yake. Mimi nilikuwa ofisa wa Serikali, na mambo ya Serikali si ya kuchekwa hovyo.

Cheo changu kilikuwa Naibu Katibu Mkuu, Kiti. Sikuwa mbebaji, tafadhali. Wabebaji wako sokoni. Mimi nilikuwa nimeapishwa, navaa tai, na kazi yangu ilikuwa kukitanguliza Kiti cha Mtukufu kila mahali alipotazamiwa kukaa. Nilikiweka kichwani, egemeo lake likinishukia usoni hata nisione mbele, nikatembea. Nikifika, nilikitua, nikapaza sauti: "Kiti kimefika!" Hapo ndipo Mtukufu aliponyanyua mguu wa kwanza. Na kiti kikishatangazwa, hakuna mkono wa binadamu ulioruhusiwa kukisogeza mpaka Mtukufu awe amekikalia. Utaratibu huo uliwekwa baada ya ofisa mmoja kukivuta kidogo kukitoa juani, Mtukufu akakaa hewani mbele ya wageni. Ofisa yule leo ni balozi wetu katika kisiwa kisicho na watu.

Kulikuwa na taratibu nyingine. Kichwa cha mtu yeyote hakikuruhusiwa kuwa juu ya kichwa cha Mtukufu. Sasa Mtukufu wetu hakuwa mfupi. Nchini kwetu tulisema yuko karibu na wananchi. Lakini ukaribu huo uliwatesa wengine. Waziri wa Ulinzi, mtu mrefu sana, alitembea amekunja magoti kwa miaka mingi mpaka siku moja alipojaribu kuyanyoosha nyumbani kwake, mkewe akapiga yowe akidhani ni mwizi. Na ndege ya Mtukufu ilipopaa, nyingine zote zilitua.

Utaratibu wa tatu ulikuwa mwepesi. Mtukufu akikuuliza jambo, husemi "sijui."

*

Mambo yalianzia hewani. Tulikuwa tunaruka juu ya Jangwa la Sarimo, Mtukufu akielekea kufungua kiwanda ambacho alikuwa amekwisha kukifungua, akachungulia dirishani. Chini kulikuwa na mistari miwili ya mawe, mirefu ajabu, imeanza mbali mbali kabisa, ikija ikikaribiana mpaka inakutana kwenye duara dogo.

"Nini kile?" akauliza Mtukufu.

Ndege nzima ikaanza kukagua mikanda yake. Rubani mwenyewe alijifanya yuko na shughuli. Aliyekuwa karibu na dirisha ni Mheshimiwa Tindwa, Waziri wa Mambo ya Kale na Fahari, ambaye hakuwahi kuyaona mawe yale wala kuyasikia.

"Ni Barabara ya Heshima, Mtukufu," akasema Tindwa, jasho likimtoka. "Mababu waliijenga zamani sana. Walikuwa wanakusubiri."

"Walijuaje kwamba nitakuja?"

"Ndiyo siri yenyewe, Mtukufu."

Tulipotua, Mtukufu alilihutubia taifa kuhusu siri hiyo. Alisema mataifa mengine yana mapiramidi, lakini mapiramidi ni makaburi, na sisi mababu zetu hawakuwa na mawazo ya kufa. Bunge likapitisha Sheria ya Heshima ya Mawe siku ileile, wabunge wakiwa wamesimama, kwa sababu viti vyao vilikuwa vimepelekwa kupunguzwa miguu. Sheria ilisema hivi: atakayevuka mawe hayo kwa juu, mtu au mnyama, amevuka vichwa vya mababu, na atashughulikiwa.

Ikaundwa Tume ya Siri ya Mawe. Msomi wa mambo ya kale nchini alikuwa mmoja tu, Dakta Mbelwa, kijana mwembamba mwenye watoto wengi. Wasomi wetu wengine wote walikuwa wamesomea hotuba.

*

Mimi nilipelekwa jangwani pamoja na Waziri Tindwa ili nichague mahali pa kutua kiti. Kwa hiyo yaliyosemwa pale niliyasikia kwa masikio yangu, mtu asije akaniambia nimeyatunga.

Dakta Mbelwa alikuwa amefukua lile duara tuliloliona toka hewani. Kumbe lilikuwa shimo, tena refu, limejengewa mawe pande zote kama kisima kikubwa kisicho na maji. Ndani mlikuwa mmejaa mifupa.

"Mheshimiwa, ni mtego," akasema Dakta.

"Mtego wa nani?"

"Wa swala. Walifukuzwa toka kule mbali ambako kuta zimeachana. Wakafuata ukuta, kuta zikazidi kukaribiana, wakaishia humu. Hii ni mifupa yao."

Waziri alilisogelea jiwe la karibu, akalipima kwa mguu wake. Lilimfikia gotini.

"Acha masihara, Dakta. Ukuta wenyewe ndio huu. Swala anaweza kuruka mpaka juu ya kichwa changu. Kwa nini asiruke akaenda zake?"

"Wa mbele hakuruka, Mheshimiwa. Aliuona ukuta, akaufuata. Na wa nyuma walimfuata wa mbele."

"Basi walikuwa wajinga."

"Walikuwa swala, Mheshimiwa."

Tindwa akamshika bega, akamvuta kando, ingawa sauti yake haikujua kwenda kando. "Mtukufu amekwisha kulitangazia taifa kwamba ni Barabara ya Heshima. Unataka nikamwambie kwamba mababu walimtegea shimo? Haya, sema. Niende nikamwambie hivyo?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Na mifupa hii?"

Dakta alipangusa mikono kwenye suruali. "Mabaki ya karamu," akasema.

"Unaona! Elimu hiyo. Nilikuwa nimeanza kukutafutia kazi katika Idara ya Chumvi."

Basi likabaki tatizo la shimo. Waziri alisema ni baya kwenye picha, lifunikwe. Mbao zililetwa, lakini zikatumika kujengea jukwaa ambalo Waziri angelitumia kumsifu Mtukufu, jukwaa la kwenda chini, la kuchimbwa, ili kichwa chake kisizidi cha Mtukufu, na mbao zile zikawa za kuzuia mchanga. Kwa hiyo shimo likafunikwa kwa fito na mikeka, na juu yake likapita zulia jekundu. Zulia lilikuwa zawadi ya taifa rafiki. Lilizidi urefu uliohitajika, lakini kulikata kungevunja uhusiano, kwa hiyo likanyooshwa lote mpaka lilipoishia.

"Wewe utakwenda mpaka zulia linapoishia," Mkuu wa Itifaki akaniambia. "Hapo tua."

"Na lile shimo?" nikauliza.

"Shimo gani? Unaona shimo hapo?"

Nilitazama. Kwa kweli halikuonekana. Zulia lilikuwa zuri sana.

*

Sasa nimseme Bi Guyatu, maana watu husema Serikali haikumsikiliza. Si kweli. Mimi nilimsikiliza.

Alikuwa mama wa makamo, mfugaji, kambi yake iko upande mmoja wa mawe na kisima kiko upande wa pili. Tangu azaliwe ngamia wao walikuwa wakiuvuka ukuta ule asubuhi kwenda kunywa, bila hata kuutazama. Sasa palisimama askari. Nilimkuta amesimama mbele yao, fimbo mkononi, ngamia nyuma yake wamejipanga na shingo zao zote zimeelekea upande mmoja.

"Baba," akaniambia, maana nilikuwa na tai, "kisima kile pale. Mimi nakiona. Ngamia wangu wanakiona. Huyu mwanangu mwenye bunduki anasema tusivuke."

"Ni sheria, mama. Zungukeni kule kuta zinakoanzia."

"Kuzunguka ni kutwa nzima kwenda na kutwa nzima kurudi. Ngamia akifika hapa kambini atakuwa na kiu ileile aliyoondoka nayo. Nilikwenda kwa mkuu wa wilaya, akasema nije kwa Waziri. Nikaja kwa Waziri, akasema Mtukufu mwenyewe atasikiliza shida za wananchi siku ya uzinduzi."

"Basi subiri uzinduzi."

"Huyu atasubiri?"

Akanionyesha mtoto wa ngamia, amezaliwa karibuni tu, amelala ameweka shingo mchangani. Mama yake alikuwa amekauka maziwa. Yule mtoto alinitazama kwa macho makubwa yenye kope ndefu, akajaribu kuinuka, magoti yakamkataa. Mimi si jiwe, jamani. Nilimwonea huruma mpaka nikakohoa. Lakini nilikuwa ofisa wa Kiti, sikuwa ofisa wa Maji, nikamwambia Bi Guyatu pole, nikaenda zangu kufanya mazoezi.

*

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali, na taifa zima lilikuwepo, kwa maana ya Serikali. Mawaziri, wabunge, Spika na siwa yake, majaji, wakuu wa mikoa, na bendi. Wananchi waliwekwa nje ya mawe, wakae chini. Bi Guyatu alikuwa mbele kabisa. Alikuwa amembeba mabegani yule mtoto wa ngamia, miguu yake mirefu ikining'inia kifuani.

Waziri Tindwa alizungumza toka jukwaani kwake, yaani toka ndani ya ardhi. Alisema: "Wako wanaouliza, mawe haya ni ya nini? Leo jibu linatembea kwa miguu yake! Mababu walijenga njia pana, kisha wakaifinya, wakaifinya, mpaka ikabaki nafasi ya mtu mmoja tu anayestahili!" Makofi. Dakta Mbelwa, aliyekuwa nyuma ya majaji, alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili. Nilidhani ni uzalendo.

Ngoma ikalia. Nikapandisha kiti kichwani, nikaanza kutembea. Nyuma yangu alikuja Mtukufu, safari hii akifuata kwa karibu ili picha itoke vizuri, kisha Serikali yote kwa ngazi ya vyeo. Tulitembea. Sikuona kitu ila kitambaa cha egemeo na zulia miguuni. Nilijua tu kuta zinakaribiana, kwa sababu sauti za wananchi zilianza kusikika karibu pande zote mbili. Sauti ya Bi Guyatu ikasikika toka upande wa kushoto: "Mtukufu! Shida yetu ni maji!" Mtukufu akampungia mkono.

Halafu zulia likanyong'onyea chini ya mguu wangu, na mimi nikaenda nalo.

Sikuumia sana, mifupa ya swala imeoza siku nyingi. Kiti kiliangukia miguu yake minne, kikasimama wima, hata mkwaruzo hakikupata. Kilikuwa kiti kizuri, nasema tena. Nami nilikuwa nimeifanya kazi ile miaka mingi kiasi kwamba mdomo wangu haukuwa unaniuliza. Kiti kilipogusa chini tu, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote:

"Kiti kimefika!"

Mtukufu alitembea siku zote ameinua kidevu, kama alivyo kwenye noti. Alisikia kiti kimefika, akaja. Alimwangukia Naibu Katibu Mkuu, Kiti.

Sasa fikirieni hali ya waliobaki juu. Mtukufu yuko shimoni, na vichwa vyao vyote, kila kimoja, viko juu ya kichwa chake! Uhaini wa halaiki! Nilimsikia Mkuu wa Itifaki akipiga kelele, "Shukeni! Shukeni wote!" Waziri wa Ulinzi alijirusha wa kwanza. Wakafuata wengine, kwa ngazi ya vyeo, hakuna aliyesukumana. Majaji walishikana mikono. Spika alitanguliza siwa. Tindwa alitoka kwenye shimo lake, akaja kwenye hili. Askari, ambao hawakuenea, waligeuka wakakimbia mbali ili wasije wakaonekana wanachungulia. Bendi ikaendelea kupiga mpaka ilipogundua haina wa kumpigia, nayo ikatoka mbio.

Tulikuwa tumebanana kama ndizi kwenye tenga. Mtukufu, aliyekuwa amepandishwa juu yetu, alikuwa amekaa juu ya tumbo la Waziri wa Afya, akihema.

"Dakta," akaita. "Dakta wa mawe yuko wapi?"

"Niko hapa, Mtukufu. Chini ya Jaji Mkuu."

"Hapa ni wapi?"

Nadhani Dakta alipima Idara ya Chumvi upande mmoja, na Jaji Mkuu aliyemkalia upande wa pili. Kisha akasema yote, bila kuchagua maneno: mtego, swala, ukuta wa magotini, wa mbele aliyefuata ukuta na wa nyuma waliomfuata wa mbele.

Serikali yote ikageuza shingo ikanitazama mimi.

"Mimi nilielekezwa niende mpaka zulia linapoishia," nikasema.

*

Hapo jua likazibwa. Juu ya ukingo kilitokea kichwa cha mtu, juu ya vichwa vyetu vyote, juu ya kichwa cha Mtukufu mwenyewe. Mkuu wa Itifaki alizimia.

"Mmeumia?" akauliza Bi Guyatu. Alikuwa nje ya ukuta, ameinama juu ya mawe bila kuyavuka.

"Mama," akasema Mtukufu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "tutoe."

"Kamba za kisimani zipo, na ngamia wa kuvuta wapo. Lakini ni lazima tuyavuke mawe, baba. Mwanangu mwenye bunduki alisema tukivuka tutashughulikiwa."

"Vukeni!"

"Mtukufu," akanong'ona Jaji Mkuu, "sheria ya Bunge haifutwi kwa mdomo."

Bahati nzuri Bunge lilikuwa papo hapo, tena mahudhurio yalikuwa mazuri kuliko siku zote. Spika akaitafuta siwa, ikapatikana chini ya Waziri wa Kilimo, kikao kikaanza. Walibishana sana. Wengine walitaka sheria ya mawe ifutwe, wengine wakasema kufuta ni kukiri kosa. Mwisho wakapitisha nyongeza: wananchi na mifugo yao wataruhusiwa kuyavuka mawe kwa muda wote ambao mtu au mali yoyote ya Serikali bado iko shimoni, na chombo cha mwisho kikitoka, marufuku inarudi palepale. Ndiyooo! Hakuna aliyesema siyo.

"Tayari, mama! Vuta!"

"Ngamia wangu hawajanywa tangu mlete zulia," akasema Bi Guyatu. "Hawana nguvu ya kuvuta hata mbuzi. Wanywe kwanza."

"Watakunywa kwa muda gani?"

"Wenye kiu hawaulizwi, baba."

Tuliwasikia wakipita, nyayo zao laini, puh, puh, mawe yakigongana kidogo. Kisha tukasikia kunywa kwenyewe. Sijapata kusikia sauti ndefu namna ile. Serikali nzima ilikaa shimoni na midomo mikavu ikisikiliza ngamia wanakunywa maji.

*

Walipotosheka, kamba zikashushwa. Kwa kawaida kiti kingetangulia, lakini mimi ningekuwa juu ya Mtukufu, kwa hiyo Mkuu wa Itifaki, aliyekuwa amezinduka, akaamua atangulie Mtukufu, kisha vyeo kwa kushuka, na kiti kiwe cha mwisho. Wakavutwa mmoja mmoja. Waziri wa Ulinzi alipofika juu alikuwa amenyooka kabisa, kamba ilikuwa imemtengeneza. Dakta Mbelwa alipanda akicheka peke yake.

Nikabaki mimi na kiti. Kamba ikanijia.

"Kifunge kiti!" akaamuru Mkuu wa Itifaki toka mbali, maana Mtukufu alikuwa amekaa chini mchangani na kila mtu alikuwa amelala kifudifudi.

Nikakifunga. Nikaangalia juu kuona kama wako tayari kunivuta nacho. Bi Guyatu alikuwa ameshika kamba, ananitazama. Pembeni yake kikatokea kichwa kidogo, kope ndefu, mdomo unadondosha maji. Yule mtoto wa ngamia alikuwa amesimama mwenyewe.

Nilikumbuka utaratibu. Nasisitiza, ni utaratibu tu.

Nikakifungua kiti. Nikajifunga mimi.

"Kiti kiko wapi?" akauliza Mtukufu nilipotokea juu.

"Kimefika, Mtukufu."

"Najua kimefika! Kilete!"

"Nimekwisha kukitangaza, Mtukufu. Kikishatangazwa hakisogezwi mpaka uwe umekikalia. Hukukikalia. Ulimkalia Waziri wa Afya."

Jaji Mkuu, akiwa kifudifudi, akathibitisha kwamba ndivyo. Mtukufu angeweza kushuka tena akakikalia, hilo tu ndilo lililobaki. Alilichungulia shimo. Kisha akasema twende nyumbani.

Wakarudi kwa njia ya kisheria, kufuata ukuta mpaka kule unakoanzia, safari ya kutwa, kwa sababu nyongeza ilitaja wananchi na mifugo tu. Magari yalikuwa upande wa pili wa mawe yaleyale, karibu sana, madereva wakiwatazama.

Kiti kipya hakiwezi kutengenezwa, kwa sababu cha zamani hakijavunjika wala kupotea. Kwa hiyo Mtukufu sasa husimama kwenye sherehe zote, na nasikia hotuba zimekuwa fupi. Dakta Mbelwa yuko Idara ya Chumvi, ameniletea gunia, tunawalambisha ngamia. Mimi cheo changu kinafuata kiti, kwa hiyo nimehamia hapa. Yule mtoto wa ngamia amekuwa mkubwa, huuvuka ukuta asubuhi bila hata kuutazama, kwa kuwa mali ya Serikali bado iko shimoni, nami humfuata. Siku ya kwanza niliinua mguu juu sana. Ukuta ulinifikia gotini tu.

Halafu huenda shimoni kukagua, maana mimi bado ni ofisa. Kiti kipo, kimesimama vizuri juu ya mifupa, kinamsubiri mwenyewe.